Kumlinda mtoto mdogo wakati wa ukata: mwongozo kamili wa chakula na mahudhurio ya kliniki kwa familia za Unguja na Pemba

Ukata unapoingia katika nyumba yenye mtoto mdogo, mambo mawili huwa ya mwanzo kuondoka, na huondoka kimyakimya. La kwanza ni kitoweo cha mtoto: wali unabaki, mhogo unabaki, chai na boflo vinabaki, lakini samaki, yai na choroko vinapungua mpaka vinasahaulika. La pili ni siku ya kliniki, kwa sababu mtoto haumwi, nauli ya daladala inatakiwa kwingine, na mama ana kazi ya kutwa ambayo akiikosa hakuna cha kupika jioni. Hakuna mzazi anayekaa kitako akaamua kumnyima mwanawe mambo hayo. Yanaondoka kwa sababu madhara yake hayaonekani wiki hiyo wala mwezi huo, ilhali deni la dukani linaonekana kila asubuhi.

Visiwani kwetu ukata una majira yake, na anayeyajua anaweza kujiandaa. Pemba kuna miaka ambayo mikarafuu haizai, na nyumba iliyotegemea msimu hubaki na madeni. Pwani ya mashariki ya Unguja bei ya mwani ikishuka, kinamama ndio wa mwanzo kuumia. Kusi likivuma kwa nguvu, vyombo vidogo havitoki na samaki hupanda bei. Masika yakiingia mahoteli hupunguza watu, na mwaka 2020 korona ilipowazuia wageni, familia nyingi zilizoishi kwa mshahara wa hoteli zilijikuta hazina kitu kwa ghafla.

Mwongozo huu ni kwa mama, baba, bibi na kila anayelea mtoto wa chini ya miaka 5. Msimamo wake ni mmoja: matumizi yakikatwa, kitoweo cha mtoto na siku yake ya kliniki viwe vya mwisho kuguswa. Siku 1,000 tangu mimba kutunga hadi mtoto kutimiza miaka 2 ndizo ambazo mwili na ubongo wake hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na udumavu unaotokea katika kipindi hicho ni vigumu mno kuurekebisha baadaye, hata neema ikirudi.

Hatua ya kwanza: toa kadi uisome

Kabla ya kupanga fedha, itafute kadi ya kliniki ya mtoto na uikae nayo mezani au mkekani. Kadi hiyo ina mambo matatu unayoyahitaji, yaani chanjo alizopata na ambazo bado, mchoro wa uzito wake, na tarehe alizopewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo.

Kwa upande wa chanjo, mtoto hupata ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa. Kisha huja ziara za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo ndani yake mna kinga ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B, nimonia, kuharisha kunakosababishwa na virusi vya rota, pamoja na polio. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na hurudiwa akiwa na miezi 18. Ziara ya wiki ya 6 huangukia siku ya 42, yaani mara tu baada ya mama kumaliza arubaini, kwa hiyo familia nyingi huikumbuka bila shida. Inayopotea zaidi ni ile ya miezi 18, kwa kuwa mtoto anatembea, anacheza, na mama pengine ana mimba nyingine. Surua humshika vibaya zaidi mtoto mwenye lishe duni, na pia humpunguzia akiba ya vitamini A mwilini, hata ikafika kumharibu macho. Kipindi cha ukata ndicho kisichoruhusu kabisa dozi hiyo kukosekana.

Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6, kuanzia mtoto anapotimiza miezi 6 mpaka miaka 5, na dawa ya minyoo huanza akiwa na mwaka 1. Huduma hizi hazilipiwi katika vituo vya Serikali. Kinachogharimu ni nauli na muda, na hivyo ndivyo vya kupangwa.

Kupima uzito ni kila mwezi mpaka mtoto atimize miaka 2, na baada ya hapo kwa miadi ya mbali zaidi atakayopangiwa, mpaka afike miaka 5. Andika tarehe zote zinazofuata mahali panapoonekana na watu wote wa nyumbani, kwa mfano kwenye kalenda ya ukutani, ili ikiwa mama amesafiri au anaumwa, baba, shangazi au bibi ajue kwamba siku hiyo mtoto anapelekwa.

Hatua ya pili: panga siku ya kliniki kwa kufuata kazi yako

Kwa mkulima wa mwani, siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, ndizo za kazi, na maji ya bamvua hukupwa asubuhi kuelekea adhuhuri, saa zilezile ambazo kliniki inafanya kazi. Mama anayepewa tarehe inayoangukia bamvua hulazimika kuchagua baina ya kamba zake za mwani na kadi ya mwanawe, na mara nyingi kamba hushinda. Dawa yake ni kumwambia muuguzi mapema, wakati anapoandika miadi, kwamba unaomba siku ya maji mafu, yaani maji yasipotoka sana. Wauguzi wa vituo vya pwani wanalifahamu jambo hili vizuri, na kuisogeza tarehe kwa siku chache za mbele hakuna madhara. Mchumaji wa karafuu naye afanye hivyo kwa kuangalia siku za kuchuma na za kuanika.

Uliza pia kituo chako kinachoma chanjo ipi siku gani. Chanjo ya kifua kikuu na ya surua huja katika vichupa vya dozi nyingi, na kichupa kikishafunguliwa hutumika kwa saa chache tu kisha kinachobaki hutupwa. Ndiyo maana vituo vingine huwakusanya watoto kwa siku maalumu. Mama asiyejua hulipa nauli, husubiri mpaka mchana, na huambiwa arudi wiki ijayo. Akishafanyiwa hivyo mara mbili, hujikatia tamaa. Swali moja kwa simu, au kwa mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumbani, huiokoa nauli hiyo.

Nauli yenyewe iwekwe pembeni siku fedha inapoingia, isingojewe siku ya safari. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, na hata katika upatu wa kinamama wachache wa mtaa mmoja, ni jambo jepesi kukubaliana kwamba kila mkutano itolewe sarafu ndogo ya mfuko wa kliniki, ambayo mwenye miadi na asiye na nauli ataichukua. Mfuko wa namna hiyo hauhitaji kuwa mkubwa. Na ikiwa ndani ya nyumba mna mzee wa miaka 70 au zaidi anayepokea Pensheni Jamii, ambayo Serikali ya Zanzibar ilianza kuitoa mwaka 2016, si vibaya kumwomba kwa heshima achangie safari ya mjukuu. Wazee wetu wengi hulipenda jambo hilo kuliko watoto wao wanavyowadhania.

Kwa wanaoishi visiwa vidogo, kama Kojani, Tumbatu, Uzi au Fundo, au katika vijiji vilivyo mbali na barabara, ulizeni kwa sheha tarehe za huduma ya mkoba, yaani wahudumu wanapokuja kuchanja na kupima huko huko.

Hatua ya tatu: jifunze kusoma mizani na mkono

Mtoto anapopimwa, usiishie kuambiwa kilo zake. Hakikisha mizani imerudishwa sifuri kabla hajawekwa, na kwamba amevuliwa nguo nzito, maana sweta na nepi iliyolowa vinaweza kuficha upungufu wa mwezi mzima. Kisha mwombe muuguzi aweke alama kwenye mchoro mbele yako na akuoneshe mstari unaelekea wapi. Mstari unaopanda sambamba na mistari iliyochapwa kwenye kadi ni mwema, hata kama mtoto ni mwembamba kwa umbile. Mstari uliolala ni onyo, na mtoto wa chini ya mwaka 1 ambaye hakuongezeka hata kidogo kwa mwezi anahitaji kuzungumziwa siku hiyo hiyo. Mstari unaoshuka ni hatari. Kwa kukadiria tu, mtoto anayenyonya vizuri huwa ameuzidisha uzito wake wa kuzaliwa mara mbili akikaribia miezi 5, na mara tatu akifika mwaka.

Wapo wanaoona haya mtoto wao kuning'inizwa mbele za watu, na wapo wanaohofia jicho la husuda. Anayehofia jicho amsomee mtoto wake dua kisha ampeleke, na akitaka faragha aiombe, kwani ni haki yake. Kukaa nyumbani hakumkingi mtoto na njaa isiyoonekana.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miezi 59 kuna kipimo kingine cha mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wa rangi, ambacho wahudumu wa afya wa jamii huwa nacho na mama anaweza kufundishwa kukitumia. Utepe hufungwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono ukiwa umelegea. Sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Chini ya hapo mpaka sentimita 11.5 ni njano, maana yake ana utapiamlo wa kadiri. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na huo ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu bila ya kuchelewa. Pamoja na kipimo hicho, bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde chache. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto amevimba kwa utapiamlo na apelekwe kituoni siku hiyo, hata kama anaonekana mnene. Uvimbe huo huwadanganya watu wengi.

Mtoto aliyekutwa na utapiamlo mkali lakini ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine mkubwa anaweza kutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa, ile rojo ya karanga na maziwa iliyomo kwenye pakiti, na hurudi kituoni kila wiki kupimwa. Hapa ukata huleta mtihani mgumu, kwa kuwa ndugu zake nao wana njaa na pakiti ni tamu. Nasema kwa uzito wote: chakula dawa ni dawa ya mgonjwa mmoja. Kikigawiwa kwa watatu, mgonjwa hatapona na wale wawili hawatashiba.

Hatua ya nne: miezi 6 ya mwanzo, mlishe mama

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji kitu chochote isipokuwa maziwa ya mama, si maji, si uji mwepesi, si maji ya sukari ya kumtuliza. Hili ndilo lishe bora kabisa na la bei nafuu kabisa, na Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kukamilisha. Mama mwenye wasiwasi kwamba maziwa hayatoshi anyonyeshe mara nyingi zaidi, mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, kwani titi hutoa kwa kadiri linavyonyonywa. Mama ambaye mwenyewe hali vizuri bado hutoa maziwa yanayomfaa mtoto, ila yeye ndiye anayedhoofika, na kwa sababu hiyo sahani ya mama anayenyonyesha isiwe ya mwisho kupakuliwa. Maziwa ya kopo yanayozimuliwa kwa maji mengi ili yafike mwisho wa wiki yamewadhoofisha watoto wengi.

Mama anayekwenda pwani au shamba anaweza kukamua maziwa katika kikombe safi chenye mfuniko, kikaachwa mahali pa ubaridi, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe na kijiko kabla ya kupita muda wa saa 4 tangu yakamuliwe. Chupa za chuchu ni ngumu kusafisha, na nyumba isiyo na maji ya kutosha iziepuke kabisa.

Katika mwezi wa Ramadhani, mama anayenyonyesha na kuchelea afya yake au ya mtoto amepewa rukhsa na sheria, na anayehitaji ufafanuzi amuulize mwanachuoni anayemwamini mapema kabla ya mwezi kuandama, badala ya kujitesa mpaka maziwa yapungue.

Hatua ya tano: chakula cha mtoto kuanzia miezi 6

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo fedha kidogo inapoweza kufanya jambo kubwa.

Tatizo la kwanza la nyumba zetu si uchache wa chakula bali uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hujaa kwa kikombe kimoja hivi, kiasi cha mililita 240. Likijazwa maji yaliyotiwa unga kidogo na sukari, mtoto hushiba kwa muda na mwili haukupata kitu. Uji na vyakula vya kupondwa viwe vizito kiasi cha kubaki kwenye kijiko bila ya kuchuruzika. Anapoanza, vijiko 2 au 3 vya kulia vinatosha, mara 2 hadi 3 kwa siku, ukiongeza taratibu mpaka nusu kikombe. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 hadi 4, na akishatimiza mwaka kila mlo uwe robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, pamoja na kitu cha kuuma katikati kama ndizi mbivu, papai au embe. Wakati wote huo aendelee kunyonya.

Tatizo la pili ni kitoweo. Tui la nazi lina mafuta na humpa mtoto nguvu, lakini haliwezi kushika nafasi ya samaki au kunde, na mhogo wa nazi mtupu, hata uwe mtamu namna gani, hauna cha kumjengea mwili. Kwa familia yenye fedha kidogo, nguzo mbili za kuegemea ni dagaa na jamii ya kunde: choroko, kunde zenyewe, mbaazi na maharage.

Dagaa wa visiwani kwetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo wanataka kutengenezwa kabla ya kumpa mtoto. Wachague waliokauka sawasawa na wasio na ukungu. Wavunje vichwa na uondoe matumbo, kisha uwaroweke na kuwaosha, ukibadilisha maji mpaka chini ya bakuli pasibaki mchanga na ukiwaonja ukute chumvi imepungua. Waanike tena juu ya ungo, ukiwafunika kwa chandarua kwa ajili ya nzi, na wakishakauka wakaange bila ya mafuta kwenye moto mdogo, ukiwageuza mpaka wakivunjwa kwa vidole walie. Watwange kinuni, chekecha, na unga wake uutie kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Fungu moja la dagaa linaloliwa na watu wazima kwa mlo mmoja, likifanywa unga humtosha mtoto kwa siku nyingi. Utengeneze kidogo kidogo, wa wiki moja au mbili, ili usivunde, na ununue dagaa wakati wanapovuliwa kwa wingi na bei imeshuka.

Mlo wa mtoto wa miezi 9 unaweza kuwa hivi: mhogo uliomenywa na kuchemshwa ukaiva kabisa, au mbatata, au ndizi mbichi, au shelisheli wakati wa msimu wake, upondwe ukiwa wa moto; utiwe kijiko kikubwa kimoja cha unga wa dagaa, vijiko viwili vya tui zito na mchicha au matembele yaliyochemshwa kwa muda mfupi na kukatwa vidogo vidogo, bila ya chumvi ya kuongeza. Kesho yake dagaa wapishe choroko zilizoiva mpaka zikavurugika. Yai likipatikana, lipikwe likaiva, liwe la mtoto. Naomba hapa nizungumze na wenye kuku: mayai yote yakipelekwa dukani na fedha yake ikanunua biskuti na sukari, nyumba imeuza kizuri ikanunua kibaya. Kila kuku akitaga, mayai machache yatengwe kwa mtoto kwanza.

Boga, embe, papai na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa vinampa vitamini A, na mti mmoja wa mpapai nyuma ya nyumba una thamani kubwa kwa mtoto. Matunda yenye uchachu kama ndimu na machungwa, yakitolewa pamoja na choroko au mchicha, husaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai hufanya kinyume chake, iwe ya rangi au ya maziwa, na mtoto mdogo asipewe na chakula. Chai na boflo ndicho chakula kinachowaharibia watoto wetu asubuhi zao, na hakistahiki kuitwa chakula cha mtoto wa mwaka mmoja. Tumia chumvi ya pakiti iliyotiwa madini joto katika chungu cha nyumba.

Kuhusu unga wa lishe, wengi huamini kwamba ukichanganya nafaka 7 au 10 na njugu ndipo unapokuwa bora. Si hivyo. Nafaka moja na aina moja ya kunde au njugu zilizochaguliwa vizuri zinatosha. Njugu na mahindi yaliyoota ukungu au yaliyosinyaa yatupwe, yasioshwe yakatumika, kwani sumu kuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu huko Bara.

Tatizo la tatu ni sinia. Kula pamoja ni katika uzuri wa mila zetu, lakini mtoto wa miaka 2 anayekaa kwenye sinia na kaka zake hupata wali wa pembeni, na mpaka mkono wake ufike katikati, samaki ameshakwisha. Mpe bakuli lake, mpakulie kitoweo chake kabla ya sinia kuwekwa, ukae naye na umwangalie anachomaliza na anachoacha. Hili halina gharama yoyote, na huenda ndilo badiliko linaloonekana upesi zaidi kwenye mizani.

Hatua ya sita: utaratibu wa kutumia fedha kidogo

Fedha ya siku ikipatikana, nunua kwanza cha kujaza chungu, kisha papo hapo kitoweo cha mtoto, hata kama ni kibaba cha choroko tu, kabla ya sukari, majani ya chai na vocha ya simu. Majani ya mboga yatafutwe uwanjani na kwa jirani kabla ya kununuliwa. Kinachoweza kukatwa chote bila ya kumdhuru mtoto ni pipi, malai, biskuti, soda na vinywaji vya rangi vya mifuko. Ukizikusanya kwa wiki moja sarafu anazopewa mtoto ili anyamaze, mara nyingi utakuta zinatosha kununua dagaa au mayai.

Hatua ya saba: mtoto akiumwa

Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS, yaani unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yatumike ndani ya saa 24, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kila siku, au 10 ikiwa hajatimiza miezi 6. Aendelee kunyonya na kula, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili ili arudishe alichopoteza. Kumfunga chakula mtoto anayeharisha ni kumzidishia ugonjwa.

Homa ipimwe kituoni. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini haijaondoka, na mweleze mhudumu kama mtoto amesafiri Bara karibuni.

Usimnunulie mtoto dawa ya kuongeza damu dukani kwa kukisia tu kwa weupe wa viganja. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba kuwapa watoto wadogo wote madini ya chuma na foliki asidi bila ya kuwapima, mahali penye malaria nyingi, kuliongeza kulazwa na vifo, ingawa waliokuwa na upungufu wa chuma na damu walinufaika. Kwa hiyo apimwe kwanza, na akiandikiwa dawa, aimalize.

Zipo dalili zisizongoja asubuhi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa kasi au kifua kinabonyea, au ana choo cha damu. Hapo nauli ikopwe, jirani mwenye gari au pikipiki agongewe mlango, na mambo ya fedha yazungumzwe baadaye.

Hatua ya nane: kuomba msaada, na kurudi baada ya kukosa

Mhudumu wa afya wa jamii katika shehia yako ndiye mlango wa kwanza. Mwambie hali halisi ya nyumba, pamoja na siku ambazo hampiki, kwa sababu asichokijua hawezi kukifikisha kituoni. Sheha ndiye wa kumuuliza kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, ambao miongoni mwa masharti yake ni watoto wadogo kuhudhuria kliniki. Kwa kaya iliyomo, kadi iliyojazwa ni ulinzi wa ruzuku yake. Zaka nayo ina haki ya kuulizwa, kwa jamaa, msikitini, au kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mzazi ambaye miezi imempita bila ya kwenda kliniki mara nyingi huzuiwa na haya kuliko nauli. Anaogopa kukemewa mbele ya wenzake. Wapo wahudumu wenye maneno makali, na hilo ni baya, lakini wengi watafurahi kumwona mtoto. Ajue pia kwamba chanjo zilizokatizwa hazianzwi upya. Muuguzi huendelea na dozi iliyofuata pale zilipoishia, na nyingine zaweza kutolewa siku moja. Ikiwa kadi imepotea, kituo alikochanjwa kina daftari la kumbukumbu, na akitajiwa jina la mtoto, la mama na mwezi aliozaliwa, muuguzi anaweza kumtafuta humo na kumwandikia kadi nyingine. Fika asubuhi mapema, kaa karibu na meza ya kadi, na zamu yako ikifika sema hivi: "Mtoto huyu alikosa miezi kadhaa kwa sababu ya hali ya nyumbani, naomba aangaliwe uzito, chanjo anazodaiwa na vitamini A leo, na unipangie siku ya maji mafu mwezi ujao."